Datsun yangu inamisi mlimani, na shemeji anataka tung'oe injini

SWALI

Shikamoo fundi,

Nina pikapu ya Datsun 1200 aliyoniachia marehemu baba. Naishi Lushoto, na kazi yake ni kushusha kabichi, karoti na njegere hadi Mombo, ambako malori ya kwenda Dar es Salaam yanapakia. Kushuka hakuna tatizo. Tatizo ni kurudi, hata kama nyuma nina mifuko michache tu ya mbolea. Nikishaanza ule mlima wa kutoka Mombo kuelekea Soni, injini inaanza kumisi, egzosi inapiga milio kama risasi, nguvu zinapotea mpaka natambaa kwa gia ya kwanza huku mabasi yananipigia honi nyuma. Nikisimama kidogo na kuondoka taratibu inatulia, halafu inarudia.

Asubuhi zenye ukungu ni balaa zaidi. Stata inazunguka vizuri lakini moto haushiki mpaka nifungue kifuniko cha distributa nikifute kwa kitambaa kikavu.

Fundi wangu ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Ni kijana mwaminifu, ananitoza hela ya spea tu. Ameshabadilisha pointi zaidi ya mara moja, kondensa, plagi na koili, na kabureta ameisafisha. Kila akifunga pointi mpya gari linakuwa kama limetoka dukani, lakini baada ya siku chache hali ni ileile. Pointi za zamani akizitoa zimeungua, upande mmoja una kishimo na mwingine umeota kipele.

Sasa anasema injini imechoka. Amepata injini ya gari jingine, ya kisasa zaidi, na anataka tuifunge. Bei yake itameza karibu faida yangu yote ya msimu. Mke wangu anasema nimsikilize kaka yake. Jirani anasema niuze chuma chakavu. Mimi sitaki kumvunjia heshima shemeji, na sitaki gari la baba liishie kwa wapima vyuma. Unanishauri nini?

Mkulima, Lushoto

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Injini msiiguse kwanza. Barua yako imeeleza ugonjwa vizuri, na karibu kila dalili uliyoitaja inaelekea sehemu moja, yaani distributa yenyewe, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Nasema distributa yenyewe kwa sababu shemeji yako amebadilisha vitu vinavyofungwa ndani yake na vinavyoungwa nayo kwa waya, lakini sioni mahali ulipoandika kwamba kuna mtu aliyewahi kuitoa, kuifungua na kuipima shafti yake.

Niieleze kidogo ili ujue mnatafuta nini. Shafti ya distributa huzunguka nusu ya mwendo wa injini. Juu yake kuna kemu yenye pembe nne, na kila pembe inapopita inazisukuma pointi zifunguke. Zikifunguka, umeme wa koili, kile kifaa kinachokuza umeme wa betri, unakatika ghafla, na hapo ndipo moto mkali unapozaliwa na kupelekwa na rota kwenye plagi inayostahili. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 8,000 katika dakika hiyo moja. Mwanya wao kwenye injini yako ya A12 unatakiwa uwe milimita 0.45 hadi 0.55. Sasa fikiria shafti hiyo imekaa ndani ya bushi, yaani ile pete inayoishikilia isiyumbe, iliyoliwa kwa miaka hamsini. Inayumba. Pembe moja inafungua pointi sana, nyingine kidogo, na mwanya ambao fundi aliupima kwa uangalifu gari likiwa limezima haupo tena injini inapokimbia. Moto wa silinda moja unawahi, wa nyingine unachelewa, na mwingine hauji kabisa. Mafuta ambayo hayakuungua ndiyo hayo yanayolipuka kwenye egzosi ukiwa mlimani.

Ndiyo sababu pointi mpya zinakupa siku chache za raha. Zikiwa mpya, kile kipande cha fiba kinachosugua kemu bado ni kizima. Kwa shafti inayoyumba, na mara nyingi kemu kavu isiyo na grisi, fiba inalika haraka, mwanya unajifunga, na mwanya ukijifunga taimingi, yaani wakati wa moto kuruka, nayo inachelewa. Shemeji akileta pointi nyingine anarudisha mwanya, na gari linapona kwa muda.

Kipimo chake hakihitaji kifaa cha kukodi. Gari likiwa limezimwa, toa kifuniko, shika rota kwa vidole viwili uisukume pembeni, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Isikudanganye ile hali ya rota kujizungusha kidogo na kurudi, hiyo ni haki yake. Unachotafuta ni kuyumba kwa pembeni. Kisha mpime kwa namba: zungusheni injini kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, na kila pembe ya kemu inapofungua pointi kabisa, ingizeni fila geji, zile bapa nyembamba za kupimia mwanya. Mkipata pembe zote nne zinakaribiana, na mkisukuma shafti kwa kidole mwanya haubadiliki, basi nimekosea kuishuku na tutaangalia kwingine. Mkikuta hapa 0.50, pale 0.35, na kidole kinaubadilisha mwanya mbele ya macho yenu, mmeshampata mwizi.

Sasa kile kishimo na kipele kwenye pointi. Hilo ni jambo la pili, na lisipoondolewa hata bushi mpya haitakusaidia kwa muda mrefu. Kwanza kondensa. Kazi yake ni kumeza cheche pointi zinapofunguka. Kondensa yenye kipimo kisichofaa, au iliyofungwa vibaya kwenye bodi ya distributa, inaacha chuma kihame kutoka ncha moja kwenda nyingine. Kununua mpya hakutoshi, kwani madukani kuna kondensa nyingi zinazofanana kwa sura na ambazo hazikutengenezwa kwa gari hili. Pili, na hapa nina wasiwasi zaidi, ni ile koili mpya. Ziko koili za aina mbili. Aina moja inafanya kazi na rezista, kale kadude ka kauri kanakofungwa karibu na koili, na nyingine inajitosheleza bila rezista. Chomoeni waya mbili ndogo za koili, wekeni maltimita kati ya vichwa hivyo viwili. Mkisoma kama omu 1.5, koili hiyo inahitaji rezista. Mkisoma kama omu 3, haihitaji. Koili ya omu 1.5 ikipewa volti 12 bila rezista inavuta hadi ampea 8, wakati ile ya omu 3 inavuta kama 4 tu. Pointi hazijaumbwa kubeba mzigo huo, zitaungua kila mara. Na kinyume chake pia ni kosa, maana koili ya omu 3 ikipitishwa tena kwenye rezista inatoa moto hafifu, na moto hafifu utauona mlimani kabla ya kuuona mahali pengine popote.

Kwa nini mlimani? Ukikanyaga mafuta yote, silinda inajaa mchanganyiko na mgandamizo unapanda. Cheche inapata shida kubwa zaidi kuruka mwanya wa plagi katika mgandamizo huo. Umeme ukikuta ufa kwenye kifuniko au waya ya plagi iliyochoka, unakimbilia huko kwenye njia rahisi. Gari lililosimama linanguruma vizuri, fundi anasema limepona, unafika mlimani linakuaibisha.

Hapo ndipo ukungu wako unapoingia. Kifuniko unachokipangusa kila asubuhi kina kasoro, na kitambaa kinaificha tu. Kipelekeni kwenye mwanga wa jua, mtafute mistari myembamba myeusi, kama iliyochorwa kwa penseli, kati ya vichwa vya shaba vilivyo ndani. Hiyo ni njia ya kaboni ambayo umeme umejichimbia, na ikishakuwepo haisuguliki ikaisha. Nunueni kifuniko kipya pamoja na rota. Hakikisheni kile kibonge cha kaboni cha katikati kinacheza juu ya springi yake bila kukwama. Waya za plagi zijaribuni usiku gizani, injini ikinguruma, boneti wazi. Zikivuja mtaona vimeta vya buluu vikirukaruka. Msiziguse kwa mkono wakati huo.

Kabla ya kutoa distributa, pimeni na vitu vingine viwili. Zungusha rota kwa vidole kuelekea upande inakozunguka, kisha iachie. Irudi yenyewe kwa springi. Isiporudi, vile vyuma viwili vya uzito vilivyo chini ya bamba, ambavyo huwahisha moto mwendo ukiongezeka, vimegandishwa na grisi ya zamani. Injini itakuwa na nguvu za kuondokea tu. Halafu chomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo: bamba la pointi lisogee, na ukiziba kwa ulimi libaki hapo. Lisipobaki, dayaframu, ule utando unaovuta bamba, imepasuka. Hiyo itakulia mafuta kwenye barabara tambarare, lakini haihusiki sana na mlima, kwa sababu ukikanyaga mafuta yote vakyumu karibu inaisha. Nataja hili ili mtu asikuuzie dayaframu kama dawa ya Soni.

Na kuna kawaya kembamba ka kusuka kanakounganisha bamba la pointi na bodi ya distributa. Kaangalieni kwa makini sana. Bamba linasogea muda wote, kawaya kanakatika nyuzi moja baada ya nyingine ndani ya ganda, kwa nje kanaonekana kazima. Kasoro hiyo huja na kuondoka na imewamaliza watu fedha nyingi.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Chomoeni betri. Toeni plagi ya silinda ya kwanza, ile ya mbele upande wa feni, wekeni kidole gumba kwenye tundu, na mzungushe injini kwa spana mpaka upepo ukisukume kidole. Endeleeni hadi alama ya puli ikutane na mstari wa digrii 5 hadi 7 kabla ya pistoni kufika juu. Sasa pigeni alama mbili kwa tindo au rangi, moja mahali rota inapotazama kwenye mdomo wa distributa, nyingine distributa inapokutana na injini. Andikeni kila waya ya plagi ni ya silinda ipi. Distributa ikishatoka, mtu asiizungushe injini kwa sababu yoyote.

Mezani, kabla ya kupiga ile pini ya chini, wekeni alama pia kwenye kipande kilichoshikwa na pini hiyo na kwenye shafti. Kikirudishwa kinyume, rota itatazama upande wa pili kabisa na mtasumbuka siku nzima mkidhani mmeharibu kitu kikubwa. Washa zile zinazokaa juu na chini ya shafti zipangeni kwa mfuatano zilivyotoka. Shafti ikitoka, ipitisheni ukucha mahali inapokaa kwenye bushi. Ikiwa laini, mna bahati, bushi tu ndiyo iliyoliwa. Ikiwa na ngazi, bushi mpya peke yake haitaifaa, mkereza vyuma atalazimika kuipitisha shafti kwenye mashine na kutengeneza bushi ndogo kulingana nayo.

Mpelekeeni mkereza bodi pamoja na shafti, siyo bushi ya zamani aitumie kama kipimo, maana hiyo imeshapanuka. Bushi iwe ya shaba nyeusi. Mkiweza kupata ile yenye vinyweleo, ilazwe kwenye oili safi usiku mzima kabla ya kuipiga ndani. Ikishaingia, shafti izunguke kwa vidole bila kukaza, na ukiisukuma pembeni usihisi kitu. Hapa ndipo ninapokusihi usikubali "itajitengeneza yenyewe ikitembea". Bushi iliyokaza itachoma shafti, iliyolegea imekurudisha ulikotoka.

Wakati wa kurudisha, pakeni grisi kidogo sana kwenye kemu, ukubwa wa punje ya mchele inatosha, na tone la oili kwenye kile kitambaa kilicho juu ya shafti chini ya rota. Grisi ikizidi itarukia pointi na kuzichafua. Wekeni mwanya wa pointi kwanza, taimingi baadaye, kwa sababu mwanya ukibadilika na taimingi inabadilika.

Taimingi bila taa maalumu mnaweza kuiweka kwa balbu ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Unganisheni waya mmoja kwenye kile kichwa cha koili kinachokwenda kwenye distributa, mwingine kwenye bodi. Rudisheni betri, washeni swichi bila kupiga stata. Ukitazama kutoka juu, rota ya injini hii huzunguka kinyume cha saa. Kwa hiyo, boliti ikiwa imelegezwa, geuzeni distributa kidogo kinyume cha saa hadi balbu izime, kisha irudisheni polepole sana kufuata saa. Pale balbu inapowaka tu, simameni, kazeni, zimeni swichi msije mkaichemsha koili. Waya za plagi zipangwe 1, 3, 4, 2 kinyume cha saa.

Jaribio la mwisho lifanyieni Mombo. Lushoto iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni baridi na nyepesi, na injini inavumilia taimingi iliyowahishwa zaidi. Bonde la Mombo lina joto na hewa nzito. Ukisikia injini inagonga unapoanza kupanda na mzigo, chelewesheni kidogo, kwani kugonga huko kunaua pistoni na bearing hata kama gari linavuta.

Utaambiwa pia ufunge distributa ya elektroniki isiyo na pointi. Ni kitu kizuri, na wenye Datsun 1200 nchi nyingi huchukua ile ya injini nyingine za Nissan za ukoo huohuo wa A. Lakini mkiweka vifaa vya elektroniki ndani ya bodi yenye shafti inayoyumba, mmefunika kidonda. Na kile kisanduku kikifa katikati ya mlima, huna la kufanya ila kuvutwa. Pointi utazisafisha kwa msasa na kuendelea na safari. Kwa kazi yako na barabara yako, mimi ningebaki na pointi ndani ya distributa iliyotengenezwa vizuri.

Jirani yako mjibu kwa upole kwamba gari hili si la kuzikwa. Pikapu hii ilianza kutengenezwa mwaka 1971, Japani waliendelea nayo hadi 1994, na Afrika Kusini waliendelea na ile ya injini ya A14, Nissan 1400, hadi 2008. Ndiyo maana spea zake bado zinatafutika.

Kuhusu shemeji yako, sidhani amekudanganya. Alitibu kile alichokiona kimeungua, kama mafundi wengi wanavyofanya. Ila kuna jambo kwenye barua yako limenigusa. Anakutoza hela ya spea tu. Fundi anayelipwa spea peke yake atabadilisha spea, kwa sababu nusu siku ya kufungua distributa, kuipima, kwenda kwa mkereza na kurudi haina malipo. Mwite nyumbani, msikae gereji mbele za watu. Mwambie: "Shemeji, kabla sijatoa hela ya msimu mzima, nakuomba tupime shafti ya distributa pamoja. Na safari hii nakulipa ufundi wako." Mpe fila geji aishike yeye, apime yeye, aone mwenyewe. Mkeo akiona kaka yake ndiye aliyeligundua tatizo na analipwa haki yake, hatakuwa na la kukulaumu.

Ikiwa bado ana shaka na injini baada ya hapo, apime mgandamizo wa silinda zote nne, injini ikiwa ya moto na pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Zikikaribiana, hiyo injini ya kisasa airudishe kwa mwenyewe. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, niandikie tena na hizo namba nne, tutaongea habari za valvu na ringi. Na ukiona zile pointi za zamani bado zina uhai, zisugue, zifunge kwenye nailoni pamoja na kondensa moja na bisibisi ndogo, uziweke chini ya kiti kwa ajili ya njiani.